Siku Nilizomwibia Nakiete

Asubuhi ile kompyuta iliniambia kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka 1980. Nikaiambia ikome.

Haikuwa mara ya kwanza kunifanyia utani huo. Kila sola zikizidiwa na mawingu na kompyuta ikazimika, inaamka na mwaka huohuo mmoja, mwaka ambao hata mama yangu alikuwa hajazaliwa. Wala haisahau tarehe tu. Inasahau kwamba ina diski tumboni, inabidi uikumbushe ina vichwa vingapi vya kuisomea. Vichwa kumi na sita. Mimi ninacho kimoja na kinanishinda. Namba zote nimezibandika ubavuni mwake kwa karatasi. Naziingiza moja moja kwa kidole cha shahada, halafu naandika tarehe, inatulia, tunaendelea na maisha.

Siku hiyo haikutulia. Niliandika 14 Machi 2087, ikakubali. Nikageuka kuchukua kikombe changu cha uji. Nilipoirudia ilikuwa 1980. Nikaandika upya, nikahesabu hadi ishirini. 1980. Mara ya tatu sikugeuka, niliikodolea macho kama mama mkwe, nayo ikarudi nyuma miaka mia na saba mbele yangu bila haya.

Nyuma ya kioo, kwenye kitanda namba saba, alikuwa amelala mke mwenzangu Nakiete. Kwa hesabu ya kijiji alikuwa amebakiza siku kumi na moja za kuweza kuamshwa akiwa hai. Kwa hesabu yangu alikuwa amebakiza moja. Hesabu ya kijiji ilikuwa ya uongo, na aliyeifanya iwe ya uongo ni mimi.

Hapa Kisangaseni tunalala kwa zamu. Chemchemi za mlimani zilipopungua, maji ya ndiva, lile bwawa letu la juu, yalitosha midomo sitini, na sisi tulikuwa mia na ishirini kasoro. Mababu zetu waligawana maji ya ndiva kwa zamu, nyumba hii inafungua, ile inafunga. Basi watafiti walipotuletea vitanda vyao vya baridi hatukushangaa sana. Tulizoea kupokezana maji, tukaanza kupokezana macho. Kila mtu akapewa mwenza: mmoja yuko macho, mwingine amelala siku mia tatu na tisini, kisha wanabadilishana. Mimi nikapewa Nakiete, kwa sababu marehemu mume wetu alikwisha kutupanga pamoja zamani na karani hakuona haja ya kujisumbua.

Watafiti walipoondoka, kompyuta zao bapa zilikufa moja moja. Kila asubuhi zilikuwa zinamwomba mwenyewe ruhusa huko ng'ambo, na mwenyewe akaacha kujibu. Tukabaki na hii ya chogo, iliyokuwa ikionyeshwa kwenye kabati la kioo shuleni kama jino la babu. Haimwombi mtu ruhusa. Haijui kama kuna dunia. Mwalimu wa hesabu aliihamishia programu ya vitanda na ya malango ya ndiva, akanifundisha mimi wa darasa la saba kubonyeza, kisha zamu yake ikafika. Sasa yuko kitanda namba kumi na mbili, amepoa kama samaki, na kumwamsha ili aje kutengeneza saa kunahitaji saa.

Nilifungua mfuniko kwa ncha ya kisu.

*

Nieleze wizi wangu kabla sijaeleza ufundi wangu, maana vilikaa mle ndani pamoja.

Mashine ile ina betri ndogo ya kulinda saa wakati umeme haupo. Betri ya asili ilikuwa imekufa, imetapika majimaji juu ya ubao wa kijani. Niliing'oa, nikaunganisha mahali pake betri mbili za tochi, nikazifunga kwa mpira wa tairi. Zilifanya kazi. Saa ilitembea siku tisa za mawingu bila kukosea hata dakika, na hakuna mtu niliyemwambia.

Kwa sababu kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima siku nne, mashine imezimika, na mimi katika kuirudishia tarehe nikahesabu tatu. Kosa la kweli kabisa. Nikasubiri mtu aje kunisuta. Hakuja mtu. Shule iliandika ubaoni tarehe yangu. Kanisa lilipiga kengele kwa siku yangu. Malango ya ndiva yalifunguka kwa zamu niliyoisema mimi. Siku za ukungu zinafanana, na kijiji kizima kilikuwa kimezoea kuniuliza mimi leo ni lini.

Na mimi sikutaka kulala. Nina miaka sitini na tisa, na kila zamu inaondoka na kitu. Ya kwanza ilichukua jino. Ya pili ilichukua jina la mwanangu wa pili, nikakaa naye wiki tatu namwita "wewe". Zamu ya tatu sikujua itachukua nini, ila nilijua vilivyobaki si vingi.

Kwa hiyo nikachana kipande cha karatasi nikakipachika kati ya betri na waya. Saa ikarudi kuwa mgonjwa. Kila mawingu yakija inapoteza tarehe, na kila ikipoteza tarehe mimi naipunguzia siku moja. Kumi tu, nilijiambia, pamoja na ile ya kosa. Sheria ya vitanda inasema mtu aamshwe siku ya mia tatu na tisini, lakini anaweza kusubiri hadi ya mia nne. Zile kumi za katikati tunaziita siku za fadhila. Nikachora alama kumi za chaki ndani ya mlango wa kabati, kisha nikaacha kuiba kama mtu mwema.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Asubuhi hiyo ningetoa karatasi, ningesogeza tarehe mbele siku kumi zote kwa pamoja, ningesema mashine ndiyo iliyokuwa inachelewa, Nakiete angeamka na mimi ningelala. Nilikuwa nimeshaoga.

Nilitoa karatasi. Saa haikushika.

Nikabadilisha betri za tochi. Haikushika. Nikakwangua ncha za waya. Haikushika. Nikavaa miwani, nikamulika ubao wa kijani, ndipo nikaona: yale matapishi ya betri ya kwanza, ambayo sikuyafuta kwa sababu miezi yote hiyo sikutaka saa ipone, yalikuwa yameendelea kula kimyakimya. Njia ndogo ya shaba inayopeleka umeme kwenye saa ilikuwa imeliwa, imebaki vumbi la rangi ya buluu na kijani. Umeme ulikuwa unaruka pale palipoliwa, mara unafika, mara haufiki.

Bila tarehe programu haimwamshi mtu. Na tarehe haiwezi kuwa ya kubahatisha. Dawa ya kuamsha inapimwa kwa idadi ya siku mtu alizolala. Ikipungua sana, moyo unawaka na kuzimika kama kiberiti chenye unyevu. Ikizidi, mishipa inapasuka. Na ikifika siku ya mia nne na moja, programu inamhesabu aliyelala kuwa maiti. Inafunga kitanda na kuvuta dawa zake iwape wengine. Watafiti waliliita jambo hilo busara.

Nilikamulia limau kwenye ubao, nikasugua kwa mswaki wangu.

*

"Hodi," sauti ikasema mlangoni, na kabla sijakaribisha akaingia Mzee Togolani, mgawa maji wetu, ambaye pia ni mzee wa kanisa la Wasabato. Kwa hesabu ya kijiji ilikuwa Ijumaa, na kila Ijumaa hupita kuhakikisha malango yamepangwa kabla jua la Sabato halijazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Tumsifu. Mbona umeivua nguo?"

"Ina homa."

"Homa gani?"

"Ya kwangu. Nishikie hiyo tochi."

Aliishika. Nilichuna waya wa spika ya simu mbovu, nikatoa uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele wa mtoto. Nikapasha msumari kwenye jiko la mafuta ya taa. Nilikuwa na kipande cha risasi ya kulehemu kisichozidi punje ya mpunga. Ukiiunguza imekwisha, na nyingine iko Same mjini, siku mbili kwa miguu. Nikauweka uzi juu ya njia iliyoliwa, nikagusa kwa msumari upande mmoja. Ukashika. Upande wa pili risasi ikajiviringa, ikakataa kukaa, ikawa inatembea juu ya ubao kama jasho.

"Usipumue," nilimwambia mzee.

"Mimi?"

"Sisi wote."

Nilikwangua tena, nikapaka tena limau, nikapasha tena msumari hadi ukawa mwekundu. Mara ya nne risasi ikakaa. Tukawasha. 1980, kama kawaida yake, lakini dakika moja ikapita. Ikapita ya pili. Dakika kumi nzima za mwaka 1980 zikahesabiwa vizuri kabisa. Tukazima, tukawasha, ikaendelea pale ilipoachia.

"Mkono wako umeponya, mama Tumsifu," mzee akasema, na kweli alifurahi. "Haya, iandikie. Tarehe kumi na nne."

"Siyo kumi na nne."

"Kumi na nne. Jana ubaoni shuleni ilikuwa kumi na tatu."

Hapo uongo wangu mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeusema peke yangu mara nyingi mpaka nimeuzoea. Lakini programu inakumbuka tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye diski, na ukitaka kuruka zaidi ya siku tatu inadai neno la siri la mtu wa pili. Mtu wa pili ndiye huyu, na ni mtu wa maswali. Nikatazama kioo. Taa ya kitanda namba saba ilikuwa inawaka polepole, kijani, giza, kijani, giza, kwa mwendo wa moyo wa Nakiete, mapigo matatu kwa dakika. Nilihesabu mapigo mawili. Kisha nikamwambia yote, na karatasi nikamwonyesha.

Mzee Togolani alikaa juu ya debe.

"Kwa hiyo kesho siyo Sabato," alisema.

"Kesho ni Jumanne."

"Nimewasimamisha watu arobaini kuomba siku ya Jumanne."

"Na Jumatano, na Alhamisi. Nilikuwa nazisogeza kidogokidogo. Lakini waliimba vizuri, mzee."

Hakucheka. Aliipapasa karatasi ile kama mtu anayetafuta maandishi. "Nakiete akifia mle ndani," akasema, "wewe utakuwa huna mwenza. Asiye na mwenza halazwi."

"Najua."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu juzi nilipokaa kwenye kiti hicho nikalifikiria mpaka uji ukapoa," nilisema. "Ningenyamaza siku mbili tu. Mngesema maskini, ameondokea usingizini. Ningelia, na ningelia kweli, maana tumezoeana. Ndiyo maana nakuomba neno lako sasa hivi, kabla sijapata akili nyingine."

Hakuinuka. Nikadhani anakataa. Nikaanza kumwambia kwamba leo ni siku ya mia tatu na tisini na tisa, kwamba kesho ndiyo ya mwisho, kwamba anaweza kunifukuza kwenye kazi na kanisani na mlimani pia lakini baadaye.

"Siyo tisini na tisa," alisema.

"Niliweka alama, mzee. Kumi. Zipo mlangoni."

"Kumi zako." Aliitazama ile tochi mkononi mwake, akaizima. "Mwezi wa kumi na moja, wewe ulipougua, nani alikaa hapa?"

Alikuwa amekaa yeye.

"Ukungu ulikuja siku tatu," akasema. "Zamu yangu ya maji ilikuwa Ijumaa, ikapita mashine imezimika na malango yamefungwa. Ukungu ulipoondoka ilikuwa Sabato. Maharage yalikuwa yamejikunja majani kama viganja. Nikaandika Ijumaa." Akaigeuza tochi mkononi. "Wiki ya pili yake ukungu ukarudi tena."

"Na wewe ukarudi tena."

"Nikarudi tena."

Tulitazamana, mgawa maji na mtunza saa. Kama isingekuwa taa ya namba saba ningecheka mpaka nikae chini. Kumi zangu na mbili zake. Nakiete hakuwa na siku ya tisini na tisa wala ya mia nne. Leo ilikuwa ya mia nne na moja.

"Labda umekosea," nikasema. "Labda mimi nimekosea alama mbili."

"Labda," akasema. Halafu akasema kile nilichokuwa nakiogopa. "Na kama wezi tulikuwa wawili, mama Tumsifu, kwa nini wasiwe watatu?"

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu Kisangaseni asiyeniuliza mimi tarehe. Ni Maalim Semvua, anayekaa juu ya josho la zamani, na tulikuwa tumemcheka mwaka mzima. Kila mwezi ukiandama alikuwa anashuka kutuambia kwamba mwezi umetangulia kalenda, nasi tunamwambia apunguze kuutazama.

Tulipanda kule tunahema. Alikuwa anapalilia vitunguu.

"Wasabato na wenye kompyuta kwa pamoja," alisema. "Kuna msiba?"

"Bado," Mzee Togolani akamjibu. "Maalim, wewe unahesabu siku?"

"Mimi ni nani nihesabu siku? Si kuna mashine?"

"Maalim, nakuomba."

Akamwona uso, akaacha jembe. Alituingiza ndani. Ukuta wa chumba chake wote, kuanzia dirishani hadi kitandani, ulikuwa na mistari ya mkaa, mmoja kwa kila alfajiri, na kila mwandamo wa mwezi ameuzungushia duara. Mahali fulani mistari ilipanda juu ya picha ya mkewe na kushuka upande wa pili.

"Tangu siku zamu hii ilipoanza kulazwa," akasema. "Kesho yake ndiyo mstari wa kwanza. Ukikosea mstari, mwezi unakusahihisha. Hesabuni wenyewe, mimi mnajua huwa nautazama mwezi sana."

Tulihesabu, mzee kutoka dirishani, mimi kutoka kitandani, tukakutana chini ya picha. Mia nne na moja. Hapakuwa na mwizi wa tatu.

"Nani yuko kwenye mia nne na moja?" Maalim akauliza.

"Nakiete," nikasema. "Wenzake wa kundi lile walilazwa baada yake, wamebakiza majuma mawili."

Aliniangalia. Alikuwa amesoma madrasa na mume wetu. "Basi unasimama hapa kufanya nini, Navoneiwa?" akasema. Ilikuwa miaka mingi sijaitwa jina langu.

*

Wakati wa kushuka mlima ndipo tulipogombana.

"Ukiandika tarehe ya kweli," nilimwambia Mzee Togolani, "programu itamhesabu maiti. Itamfunga na kumkamua dawa. Mwalimu aliiweka hivyo hivyo ilivyotoka kwa watafiti."

"Na ukiandika ya kijiji?"

"Itampa dawa ya siku mia tatu na tisini kasoro moja. Wala haitampa, itasema muda bado. Na ukiisukuma siku moja ili ikubali, dawa itakuwa pungufu ya siku kumi na moja. Moyo wake ni wa miaka sabini na mbili."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Siku ya mia nne kamili. Tarehe ishirini na tano. Ndiyo ya mwisho inayokubalika, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Dawa itapungua siku moja tu."

Alisimama katikati ya njia. "Mama Tumsifu, kwa zile mbili nimefunga na kuomba toba tangu Novemba. Leo hii nimesema mwenyewe kwa mdomo wangu. Sasa unataka niweke neno langu kwenye uongo wa tatu, nikijua, mchana kweupe."

"Ndiyo."

"Na akifa kwa hiyo siku moja iliyopungua? Akifa kwa kukaa mle, basi, wengine nao hufa usingizini. Akifa kwa dawa tuliyoipunguza tumemuua sisi."

"Tumeshamuua sisi, mzee. Tunachotafuta ni njia ya kurudi."

"Programu iliwekwa na watu wenye elimu. Kama inasema mia nne na moja ni maiti..."

"Taa yake inawaka."

"Mashine inaweza kukosea taa."

"Basi twende ukaiangalie, uniambie ni makosa."

Alikwenda akaiangalia. Alisimama mbele ya kioo, kofia mkononi. Kijani. Giza. Giza hilo lilikuwa refu kuliko la asubuhi; nilihesabu hadi thelathini na tano kabla kijani hakijarudi. Mzee alihesabu pia, niliona midomo yake.

"Tarehe andika wewe," akasema.

"Nitaandika mimi. Uongo uwe wangu."

"Na neno nitaandika mimi. Usinigawie mafungu, huu ni wetu wote."

Niliingiza vichwa kumi na sita. Niliingiza 25 Machi 2087. Programu ikauliza neno la mtu wa pili. Mzee Togolani alifumba macho akaandika, akakosea, ikabidi ayafumbue. Mara ya pili ikakubali. Kwenye kioo cha chogo majina yakajipanga, na mbele ya jina la Nakiete ikaandika kwa Kiingereza swali ambalo nililijua kwa umbo lake hata kabla ya kulisoma: aamshwe?

Nikabonyeza.

*

Kumwamsha mtu kunachukua saa tatu. Kitanda kinanguruma, maji ya vuguvugu yanapita kwenye mirija, dawa inaingia tone kwa tone. Hakuna la kufanya isipokuwa kusugua miguu ya mtu pale kifuniko kinapofunguka. Mzee alisugua mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Ilikuwa migumu kama kuni zilizolowa. Nilisugua hadi ngozi ya viganja vyangu ikawaka. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Taa ilikuwa imefika mapigo kumi na mawili kwa dakika ikakwama hapo, na programu ikaandika kwamba dawa yake imekwisha.

"Imekwisha," mzee akasema.

"Sugua."

"Mama Tumsifu, dawa imekwisha."

"Hiyo iliyopungua tutaisugua sisi. Sugua, mzee. Na umwambie Mungu wako leo ni siku gani, asije akakutafuta kwenye Sabato."

Nilipanda kitandani. Nililala juu yake, mimi na uzito wangu wote na joto langu lote, kifua kwa kifua, kama ambavyo hakuna mke mwenza aliyewahi kumlalia mwenzake. Nilimpulizia shingoni. Nilimwita bi mkubwa. Nilimtukana kwa sufuria yangu aliyoitoboa mwaka wa harusi yangu. Baridi yake iliniingia mpaka kwenye meno yaliyobaki. Sijui tulikaa hivyo muda gani, na nilikuwa nimeshaacha kuhesabu, mimi niliyekuwa nahesabu kila kitu, aliposema chini ya sikio langu:

"Unanuka limau."

Mzee Togolani alitoka nje. Nilimsikia analia kule kwenye mapipa.

Tulimkalisha. Tulimpa maji kijiko kwa kijiko. Mkono wake wa kulia ulishika kikombe. Wa kushoto ulibaki mapajani, tukausugua, tukauinua ukaanguka. Aliutazama kama mzigo wa mtu mwingine.

"Huu vipi?" akauliza.

"Labda utarudi," nikasema. "Labda hautarudi."

"Leo tarehe ngapi?"

Watu wote wakiamka huuliza hivyo, na siku zote nimekuwa nawajibu haraka kama muuza duka. "Mashine inasema ishirini na tano," nikamwambia. "Ni ishirini na sita. Ulitakiwa kuamka tangu tarehe kumi na tano. Siku kumi nilikuibia mimi. Mbili ni za huyo anayelia huko nje."

Uso wake ulikuwa bado mgumu kwa baridi, sikuweza kuusoma.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kulala."

"Mimi sikuogopa?"

Nilimjazia kijiko kingine cha maji.

Mchana huo Mzee Togolani alipiga baragumu. Watu walidhani ni la msaragambo, wakaja na majembe kufanya kazi ya pamoja. Aliwaambia yote akiwa amesimama juu ya ukuta wa ndiva, ya kwake kwanza. Sikwenda kusikiliza. Zilinifikia kelele, kisha ukimya, kisha kelele nyingine. Baadaye nilisikia wamemnyang'anya ufunguo wa malango wakampa Maalim Semvua, naye akasema atafanya kazi hiyo wakiacha kumcheka hata kwa mwezi mmoja.

Mimi walinijadili kidogo tu. Adhabu yangu ilikuwa imeshapangwa tangu zamani: zamu yangu imefika. Na sheria ya wenza inasema aliyeamka huchukua kazi ya aliyelala. Akiamka mwenza wa mkulima huchukua jembe. Akiamka mwenza wa mtunza saa huketi mbele ya saa.

Nilimfundisha Nakiete saa kumi ya jioni, jua bado limesimama kwenye sola. Vichwa kumi na sita. Betri mbili za tochi, ziangalie kila mwezi. Uzi wa shaba usiguse. Mawingu yakija, hesabu. Alikuwa anabonyeza kwa mkono mmoja, polepole kuliko mimi, lakini hakurudia kosa. Tarehe ya kweli aliiandika yeye mwenyewe, ishirini na sita, sasa kwa kuwa hakukuwa na maiti wa kuhesabiwa.

Kisha nikavua kanga, nikalala kitandani. Namba saba bado ilikuwa na umbo la mgongo wake. Alinichoma sindano ya kwanza kwa mkono wa kulia, akiwa ameshika ubavu wa kitanda kwa kiwiko cha ule mwingine ili asianguke.

"Bi mkubwa," nikasema.

"Naam."

"Siku mia tatu na tisini. Utahesabu?"

Alikuwa ameshika ukingo wa kifuniko. Ubaridi ulianza kupanda kutoka visiginoni. Nilimtazama usoni nikatafuta kama kuna tabasamu, au hasira, au chochote cha kuondoka nacho. Aliuchukua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka kifuani pangu ili niuone vizuri ulivyolala pale bila kushika.

"Lala, bi mdogo," akasema. "Ukiamka utajua."